Mtuandikie na haya ya vichupo vya pembeni

Mhariri,

Ukurasa wenu wa teknolojia naufuata kila wiki, na kila wiki ni simu mpya: kamera ngapi, betri inakaa saa ngapi. Mimi nina steshenari Msamvu, Morogoro, kompyuta mbili na printa moja inayokohoa. Naomba siku moja mwandike juu ya jambo dogo lililonipunguzia aibu dukani: kutoa vichupo vya kivinjari, vile vijisanduku vya kurasa ulizofungua mtandaoni, juu ya skrini na kuviweka pembeni. Sisi huku tunaviita "tabu", na kwa miaka mingi vimelistahili jina hilo.

Msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi, mteja mmoja tu ananifungulisha kurasa tano au sita: RITA kuhakiki cheti cha kuzaliwa, fomu yenyewe, barua pepe yake, WhatsApp aliyonitumia picha ya kitambulisho, tovuti ya kupunguza ukubwa wa PDF. Majibu ya uhakiki yakichelewa, namshika mteja wa pili. Ikifika saa sita mchana vichupo vimekonda hadi majina yamefutika, zimebaki nembo, na nembo za tovuti moja zote ni pacha.

Mwaka juzi nilifunga fomu ya binti aliyekuwa amebakiza ukurasa wa mwisho. Vichupo vikikonda hivyo, kile ulichomo ndicho kinachobaki na alama ya kufungia, tena imejaa kichupo kizima. Nilidhani nakigusa, kumbe nakiua. Ctrl+Shift+T iliurudisha ukurasa, lakini mtupu. Baba yake, aliyetoka naye Mvomero kwa basi la asubuhi, aliniuliza taratibu, "Sasa mama, ndiyo tunaanza upya?" Tukaanza upya. Sikumtoza.

Aliyenionyesha dawa ni mtoto wa kaka yangu. Edge, ile inayokuja na Windows, ina vichupo vya wima tangu 2021. Firefox waliviweka Machi 2025. Unabonyeza kitufe cha kulia cha mausi pale kwenye vichupo, unachagua viwe vya wima, basi. Orodha inashuka kushoto, kila ukurasa na jina lake.

Wengi huishia hapo, kisha wanarudisha vya juu kwa hasira. Hata yeye alinitania, "Shangazi, hicho kibaraza cha orodha kitakula fomu." Kibaraza kinapunguzwa: shika ukingo wake kwa mausi, vuta. Changu nimekiachia upana wa maneno matatu. Edge inaweza pia kukikunja zibaki nembo, ukipeleka mausi kinafunguka. Mimi hilo lilinichosha, kinaruka usoni kila nikipita. La muhimu zaidi liko kwenye mipangilio ya mwonekano ya Edge: swichi ya kuficha upau wa juu uliobaki mtupu. Usipoigusa, umehamisha vyombo na chumba cha zamani bado unakilipia kodi. Skrini zangu ni nukta 1,366 kwa 768. Upana upo wa kumwaga, kimo ndicho cha kubana.

Kisha kila mteja nampa kundi lake la vichupo, lenye jina lake la kwanza na rangi. Akilipa, natoka kwenye akaunti zake na kulifunga kundi zima, cheti chake kisibaki wazi mbele ya anayefuata.

Haya yote ni bure. Chuo nilikosomea kompyuta tulikaa miezi mitatu kwenye barua na majedwali, kivinjari tukapewa siku moja, na siku yenyewe umeme ulikatika.

Mkiandika, wekeni picha za skrini, tena kubwa. Nitaukata ukurasa niubandike ukutani juu ya kompyuta ya pili, maana kijana wa zamu ya jioni bado anavirudisha juu.

Mwenye steshenari,
Msamvu, Morogoro