Ule ukurasa wa pili wa fomu

Rehema shoga yangu,

Za siku? Huku wazima, Zuhura naye keshapona na ameanza tena maneno yake. Barua yako nimeisoma nikaacha kila kitu. Unaniuliza kama msaini ule ukurasa wa pili wa fomu ya daktari, wa kuvipanga viinitete vyenu, hizo mimba changa za maabara, kwa makadirio ya akili na kimo, jambo zito namna ile, halafu unamalizia kwa kicheko!

La kupima selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, sina neno. Wewe na Juma nyote mmebeba ile jeni. Kila mimba ni nafasi moja kati ya nne mtoto augue. Pimeni viinitete, wapandikize kisicho na ugonjwa, na atakayewasema mlete kwangu. Lakini kuvipanga kwa makadirio ya akili na kimo? Hapo usingizi umeniruka.

Nimemkumbuka Carrie Buck. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu jimbo la Virginia limfunge kizazi, eti yeye, mama yake na bintiye mchanga wote punguani. Jaji Holmes akaandika kwamba vizazi vitatu vya mapunguani vinatosha. Yule binti, Vivian, alikwenda shule akaingia orodha ya wanafunzi bora, kisha akafa na miaka 8. Wamarekani zaidi ya 60,000 walifungwa kizazi kwa sheria za aina hiyo, na waliozitunga walikuwa wasomi waliovaa vizuri.

Utasema nyinyi hamlazimishwi. Kweli, leo. Wakishachagua wote, asiyechagua ataitwa mzazi mzembe.

Halafu akili si selimundu, haikai kwenye jeni moja. Ni maelfu, kila moja inasukuma kidogo, na malezi juu yake. Hata hiyo ya selimundu, ukirithi nakala moja tu inakukinga na malaria kali. Angekuwepo wa kuifuta zamani zile, sijui mimi na wewe tungekuwa wapi. Na huyo mtoto wenu wa kuchaguliwa akileta sifuri ya hesabu, mtamdai?

Basi, nisikuchoshe. Juma anasemaje, au amekuachia wewe? Daktari alieleza makadirio hayo yanakosea kiasi gani? Ukurasa huo unalipiwa kando? Viinitete vinavyobaki vinapelekwa wapi? Na mama mkwe, mmemwambia au ndiyo siri yetu?

Nijibu kabla hujasaini, hata mistari miwili.

Wako,
Mwanaidi