Dhahabu yote ya Tabora haijazi ndoo

Dodoma,
Agosti.

Mwalimu Shabani,

Salaam nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Mswada wa riwaya yako umefika salama, ingawa nadhani kondakta aliukalia tangu Manyoni. Nimeusoma usiku mbili, wa pili kwa tochi ya simu maana umeme ulikuwa umekwenda zake. Sura ya tatu anayo Mama Neema, amegoma kuirudisha.

Ulisema nisikuonee haya. Basi sikuonei.

Treni yako inaondoka Tabora Septemba 1916 na masanduku 40 ya sarafu, inakuja kuyafukia mlimani hapa Dodoma. Na wewe ni mwalimu wa historia! Mwisho wa Julai mwaka huo jeshi la van Deventer, jenerali wa upande wa Waingereza, lilikwisha kushuka kutoka Kondoa Irangi na kuitwaa Dodoma. Huyo Mjerumani wako angekuwa anampelekea Mwingereza dhahabu mlangoni kama mahari. Wabelgiji walipoingia Tabora tarehe 19 Septemba, Jenerali Wahle wa Wajerumani na watu wake walishika njia ya kuelekea Iringa. Hilo lirekebishe kabla msomaji mmoja mkorofi hajaliona.

Halafu hayo masanduku. Najua watu wa Tabora mnajivunia ile sarafu ya rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, kwa kuwa ilipigwa kwenye karakana yenu ya reli. Lakini dhahabu yenyewe ilitoka huku katikati, Sekenke ya Iramba, usisahau. Zilipigwa 16,000 na ushei, kila moja gramu 7 hivi. Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha yako: kilo 115, mizigo minne mitano ya mpagazi. Na dhahabu ilivyo nzito, zote kwa pamoja hazijazi ndoo ya lita 20. Tena zilipigwa zitumike, maana Waingereza walikuwa wameziba bahari na fedha imeadimika; nyingi zilikwisha kuingia mifukoni mwa watu.

Punguza, Mwalimu. Weka sarafu 22 kwenye kopo, alizoziiba karani mmoja wa karakana. Wachimbaji wako ni wanne, na 22 haigawanyiki kwa wanne. Hapo utapata mauaji bila kumleta yule jambazi wa kutoka Ulaya, ambaye kusema kweli alinichosha.

Sasa ugonjwa, na hapa niachie nafasi, maana ndiyo kazi iliyonipa pensheni. Umeweka chupa ya kimeta ya daktari wa Kijerumani. Sisemi haiwezekani. Mwaka 1917, kaskazini kabisa ya Norwei, alikamatwa baroni mmoja wa upande wa Wajerumani akiwa na vipande vya sukari vyenye mirija midogo ya kioo, ndani yake kimeta, vya kulishwa wanyama wa mizigo. Miaka 80 baadaye wataalamu wa Uingereza waliviotesha vimelea hivyo vikaota. Lakini Ugogo na Irangi hazihitaji chupa. Ng'ombe akifa kwa kimeta, damu nyeusi isiyoganda ikamwagika, mbegu zake zinakaa ardhini miongo na miongo zikingoja jembe.

Nikupe kisa ambacho sikuwahi kukuandikia. Nikiwa bado afisa mifugo upande wa Kondoa, walikuja wanaume wanne kutoka mjini na mashine inayolia, mganga, na ramani ya mali ya Mjerumani. Unazijua ramani hizo: mbuyu, msalaba, hatua saba. Walichimba siku tatu karibu na zizi la zamani. Siku ya tatu nikaitwa, maana walikuwa wamefika kwenye mifupa. Nikachungulia. Ng'ombe wengi, wamerundikwa pamoja, mifupa mizima, hakuna hata mmoja uliovunjwa kutolewa uboho. Mgogo au Mrangi gani anaacha uboho? Mzee mmoja akasema taratibu kwamba babu zake walikuwa hawalishi mahali pale, mifugo ikila nyasi za pale inafura.

Mikono iliniganda. Niliwatoa shimoni, nikawaogesha kwa sabuni mbele ya watu kama watoto. Mmoja wao alikuwa na mkwaruzo mkononi. Zahanati hataki, kwa sababu ataulizwa alikuwa akichimba nini na kibali kiko wapi.

Mwalimu, kidonda cha kimeta mara nyingi hujitokeza ndani ya siku saba. Kinaanza kama umeng'atwa na mdudu, kinawasha, kisha kinaweka kigaga cheusi ti, na hakiumi. Kutokuuma kwake ndiko kunakotisha. Kila alfajiri niliwasha pikipiki kwenda kuangalia mkono wa mtu nisiyemjua. Siku ya nne, kipele. Nilimpakia kwa nguvu, mganga wa zahanati akampa vidonge, maana kikiwahiwa dawa ipo. Siku ya tano kipele kikatumbuka, kikatoa mwiba wa mgunga.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye alidhani nina wazimu. Shimo nililisimamia mwenyewe likafukiwa.

Siku hizo tano sijaziona popote katika kurasa zako 212. Wewe una basi la Dar ambalo abiria wote wanakufa kwa kukoholeana. Kimeta hakiambukizi hivyo. Anayeugua ni aliyechuna, aliyekula mzoga, aliyevuta vumbi la shimo. Kinachopanda basi ni hofu. Mpelelezi wako aache kuvaa barakoa na kukimbia. Akae kwenye kigoda aulize nani alikula nini. Mwaka 2016 hapa kwetu, Chemba na Kondoa, watu walianza kutapika, macho ya njano, matumbo yamejaa maji. Walihesabiwa wagonjwa 68, wakafa 20, hapa na mkoa wa Manyara. Maneno yalienda mbali, wengine wakisema pepo, wengine sumu ya adui. Ilikuwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, kwenye mahindi yao wenyewe waliyoyahifadhi ndani. Muuaji alikuwa kwenye kihenge. Jaribu kubuni kitu kibaya kuliko hicho.

La mwisho: kwa nini karani hakurudi kuchukua kopo lake? Usibuni. Majeshi yalipita yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakataa. Wagogo wakaiita njaa hiyo Mtunya, 1917 hadi 1920, na katikati yake ikaja homa ya mafua ya 1918. Wanahistoria wanakadiria kuwa kati ya watu 150,000 wa Ugogo walikufa 30,000. Niandikie sura moja tu: karani amekaa chini ya mbuyu na sarafu 22 za dhahabu, na hakuna mtu wa kumuuzia debe moja la uwele. Anazifukia kwa sababu hazina kazi. Kando yake kuna ng'ombe waliokufa bila kuchunwa, na yeye ana njaa. Anawaangalia. Kisu anacho.

Anza kitabu hapo.

Mswada nimempa dereva, nimeandika pembeni kwa penseli ili ufute usichokitaka. Ukurasa wa 60 una doa la chai, hilo ni langu. Sura ya tatu itakuja ikipatikana; mwenye nayo anasema hairudishi mpaka umwambie nani alimuua mganga, na amekataa jibu langu kwamba ni mwiba.

Wako,
Yohana