Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Jina la Mchoraji Likae Kwenye Kazi Yake

Ndugu wanachama,

Asanteni kwa kufika, hasa mliokuja moja kwa moja kutoka gereji na rangi ingali mikononi. Hesabu za chama chetu cha wachoraji atazisoma mweka hazina. Mimi nitakaa kwenye jambo lililotushughulisha mwaka mzima: jina la mchoraji na haki yake.

Mwananchi wa Nairobi huikuta sanaa kwanza barabarani. Abiria wa Rongai huenda hajawahi kuingia kwenye jumba la sanaa, lakini nganya, yaani matatu iliyopambwa, anayoipenda anaijua kwa michoro yake, naye yuko tayari kuingojea magari mengine yakipita. Kanuni za usafiri za waziri John Michuki zilipolazimisha matatu kuwa na mstari wa njano mwaka 2004, michoro hiyo ilififia. Ilipata nguvu tena Rais Uhuru Kenyatta alipotamka mwaka 2014 kwamba vijana waachwe wapambe matatu. Hapo katikati, mwaka 2012, mwanaharakati Boniface Mwangi na wachoraji wa grafiti walimchora mwanasiasa akiwa tumbusi, kwenye ukuta wa katikati ya jiji, na nchi nzima ikauzungumzia ukuta huo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mchoraji wa mtaani amepanda cheo siku kazi yake inapoingia kwenye maonyesho. Watazameni Maasai Mbili wa Kibera. Otieno Gomba na Otieno Kota walianzisha kikundi hicho mwaka 2001 wakitoka kwenye kazi ya kuandika mabango ya vibanda, na kazi za kikundi zimeonyeshwa hadi ng'ambo. Mkono ni ule ule. Tofauti ni kwamba kwenye maonyesho kuna kibao chenye jina la msanii. Kwenye nganya husifiwa mwenye gari, husifiwa dereva, hata makanga, mchoraji hatajwi.

Malalamiko mengi yaliyofika kwa kamati yalihusu michoro ya wanachama kutumiwa kwenye matangazo bila ruhusa. Tulipofuatilia tulikwama: hakuna saini, hakuna mkataba. Sheria ya Hakimiliki inalinda michoro yetu, na marekebisho ya mwaka 2019 yanampa msanii asilimia 5 ya bei kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Lakini atadai vipi asiyeweza kuonyesha kwamba kazi ni yake?

Mafunzo ya mikataba yalihudhuriwa vizuri. Maonyesho yetu ya pamoja yalinifurahisha zaidi: tulitundika milango ya matatu kando ya kanvasi, kila mlango na jina la aliyeuchora, na makanga waliokuja wakawa ndio wanaowaeleza wageni.

Leo kamati inaleta hoja ipigiwe kura. Kila mwanachama aweke saini inayosomeka na aipige picha kazi kabla haijatoka gereji. Chama nacho kilipie usajili wa kazi hizo kwenye Bodi ya Hakimiliki kutoka mfuko wa michango. Fomu za mkataba ziko kwa katibu. Chukueni kabla ya kura.