Mdogo wangu wa Detroit, lile neno la dekio

Mdogo wangu,

Meseji zangu hufungui, tiki zimebaki kijivu tangu Shaaban. Basi nakuandikia hapa, mashoga zako watakufikishia.

Nimemsoma jaji wenu wa huko, Damon Keith, aliyefariki Aprili 2019 akiwa na miaka 96. Mjukuu wa watumwa. Alipokuwa anajiandaa na mtihani wa uwakili, alipiga deki kwenye jengo la gazeti. Mwandishi mmoja mzungu akamkuta na kamusi ya sheria, akamuuliza ya nini. Akajibu anataka kuwa wakili. Mzungu akamwambia: wakili mweusi? Wewe endelea kupiga deki.

Hapo nikaweka simu chini.

Hitima ya Baba. Umekaa mkekani, sahani ya pilau mapajani, unamweleza Shangazi kwamba ofisi unazosafisha usiku ni za mawakili, na wewe umeanza kusoma sheria. Nikadakia, tena kwa sauti: "Wewe? Shika dekio lako kwanza." Watu wakacheka. Ukafunika sahani kwa kawa, taratibu, ukaenda kunawa. Hata tonge tatu zilikuwa hazijafika.

Lakini na mimi nisikilize. Nani alikesha hospitali siku kumi na moja? Wewe ulituma pesa na sauti ya dakika mbili. Na ule uhasibu, ulioacha katikati, ada yake niliuzia cherehani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilikuwa nakukinga usiaibike tena. Ingawa labda yule mzungu naye alijiona anamwonea huruma mwenzake, sijui.

Rais wa Marekani, Johnson, alimteua Keith jaji mwaka 1967. Mwaka 1977 Rais Carter akampandisha Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho, Kanda ya Sita, na huko akabaki mpaka kufa. Alikuwa ameshaikatalia serikali ya Nixon kunasa simu za watu wa ndani ya nchi bila kibali cha mahakama, na mwaka 1972 Mahakama ya Juu ikamuunga mkono, majaji 8 kwa 0. Mwaka 2002 serikali ilitaka kesi za wageni wa kurudishwa makwao zisikilizwe kwa siri. Akaandika kwamba demokrasia hufia nyuma ya milango iliyofungwa. Nikakuwaza wewe na zile karatasi zako... basi, niache, hapa wanasoma watu.

Usidhani cheo kinamaliza mambo. Mwaka 1991, jaji wa rufaa mzima, mzungu mmoja nje ya hoteli kule Williamsburg alimwita "boi", akamtaka amwegeshee gari. Kwa hiyo soma, lakini ngozi yako iwe ngumu. Ungekuwa nayo siku ile, ungemaliza pilau.

Samahani. Hilo sikutaka kulisema.

Kile kitabu ulichosahau chumba cha uani, chini ya mto, bado kipo. Umekunja kona ukurasa wa 41. Sijaikunjua.

Dada yako