Gari Lina Mafuta Leo: Barua ya Wazi kwa Maafisa Vijana wa Polisi

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliotoka chuo cha polisi cha Kenya kule Kiganjo juzi juzi, ambao bado mnapiga saluti mpaka kofia inatikisika. Wakubwa wenu siwaandikii. Ninachotaka kusema wanakijua, na baadhi yao tulikijua pamoja.

Mwezi uliopita nilimsindikiza binti wa jirani yangu kituoni. Kuna mwanamume anamtishia kwamba asipomrudia atazisambaza picha zake za faragha kwa waumini wenzake na kazini kwake. Ujumbe wote anao kwenye simu, na tarehe na saa. Konstebo wa zamu alimsikiliza huku akitazama mlangoni, akamwambia ofisa wa mambo hayo hayupo, na hata angekuwapo gari halina mafuta. Kama tungeweza "kusaidia" mafuta, basi labda. Nilinyamaza. Nimevaa sare miaka 38, na maneno hayo nimewahi kumwambia mtu mimi mwenyewe, tena bila haya.

Hatujainuka kwenye benchi, Land Cruiser ile ile ikanguruma. Maafisa wanne wakarukia nyuma. Nikauliza kuna nini. Mmoja wenu, kijana mwenye adabu, akanijibu, "Mzee, kuna mtu amemchafulia jina mheshimiwa huko Facebook." Mheshimiwa mwenyewe ni mwakilishi wadi. Uchafuzi wenyewe, nilikuja kuambiwa, ni picha ya barabara iliyojaa maji na maneno kwamba mheshimiwa ametimiza ahadi yake ya bwawa la samaki.

Mafuta yalitoka wapi?

Niambieni ninyi, maana hilo ndilo lililonikosesha usingizi hadi nikashika kalamu. Binti anayetishiwa hakuwa na mafuta. Mwanasiasa aliyechekwa alikuwa na tangi zima na askari wanne. Tena si kituo kile peke yake, na wala msidhani ni umaskini wa serikali. Ifungueni Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni kama Bunge lilivyoipitisha mwaka 2018. Anayesambaza picha za utupu za mwenzake, kifungu cha 37, faini yake haizidi shilingi 200,000 au kifungo cha miaka 2. Anayechapisha habari za uongo zinazoweza kuzua taharuki au kumharibia mtu jina, kifungu cha 23, faini ilifika shilingi milioni 5 au miaka 10 jela. Bunge lilipima uzito wa aibu ya binti na uzito wa jina la mkubwa, na mizani ndiyo hiyo. Nanyi mnaisoma vizuri, ndiyo maana gari linajua njia ya kwenda upande mmoja tu.

Mtaniambia, "Mzee, sisi tunatekeleza sheria." Sawa. Sheria ipi? Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kile mlichokuwa mkikamatia watu kwa ujumbe "unaoudhi", kwa sababu hakuna aliyeweza kusema kuudhi kunaanzia wapi. Mwaka 2017 ikafuta kosa la jinai la kumharibia mtu jina, na mwaka huo huo ikafuta kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu, kilichohusu kuidhalilisha mamlaka ya ofisa wa umma. Vifungu vitatu ndani ya miezi kumi na miwili hivi. Kila panga lilipoanguka wakubwa walitafuta jingine, na anayekabidhiwa mpini ni wewe mwenye cheo cha chini kabisa.

Someni Ibara ya 33 ya Katiba. Haki ya kujieleza haihusu propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki wala kuhimiza uhasama. Kumchekesha mtu kwa gharama ya mwakilishi wadi sikuona. Aliyeharibiwa jina ana mahakama ya madai, atafute wakili, alipe ada, asubiri tarehe kama wananchi wengine wanavyosubiri.

Sasa nije kwa jambo ambalo ni zito kwangu kulisema.

Mwaka 1986 nilikuwa na miaka miwili kazini. Ulikuwa wakati wa msako wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, na karatasi ilikuwa inaogopwa kuliko bunduki. Tulitumwa jioni moja kumchukua karani fulani. Kosa lake, karatasi mbili zilizopigwa taipu. Nilizimulika kwa tochi nikazisoma. Nusu yake sikuielewa. Mke wake alikuwa anasonga ugali, na tulipotoka naye mwiko ulibaki umesimama sufuriani. Sikumpiga. Nilimshika mkono tu, na nakumbuka nilijisifu moyoni kwamba mimi si kama wale wengine. Nikarudi, nikaandika jina langu kwenye OB, daftari la matukio la kituo. Aliyetutuma hakuandika lake popote.

Kesi za siku zile zilisikilizwa jioni, mahakama zimeshakuwa tupu, mshtakiwa hana wakili, anakiri na kufungwa kabla watu hawajala chajio. Sikufuatilia. Sisi tulikuwa hatufuatilii.

Mwaka 2003, mwaka ule ule seli za mateso za chini ya jengo la Nyayo House, Nairobi, zilipofunguliwa watu wakajionea, niliingia duka la vifaa vya ujenzi katika mji mwingine kabisa, kununua misumari. Mwenye duka alinipimia, akanihesabia chenji hadi shilingi ya mwisho, akaandika risiti akanipa bila neno. Nilipofika nje ndipo nikaisoma. Ilikuwa na majina yangu yote matatu. Sikuwa nimemtajia hata moja.

Miaka 17, wanangu. Sikurudi ndani. Nilipaswa kurudi.

Mnalielewa ninalolisema? Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliagiza serikali iwalipe fidia watu 21 walioteswa enzi zile, na serikali maana yake ni kodi yangu na yako. Aliyetoa agizo kwa simu hakuchangia kitu. Lakini wewe uliyebisha mlango, sura yako imebaki kwa mtu. Waswahili wanamjua Abdilatif Abdalla, aliyeandika waraka wa kuuliza Kenya inakwenda wapi akiwa na miaka 22 tu, akafungwa miaka 3 kwa uchochezi, kuanzia 1969. Mashairi aliyoyaandika gerezani kwenye karatasi za msalani yalikuja kupewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, jina la rais yule yule aliyekuwa madarakani alipofungwa! Nchi iligeuka ikampongeza. Askari waliomfuata nyumbani hakuna aliyewapongeza, na kosa lenyewe la uchochezi lilikuja kufutwa mwaka 1997.

Msiseme hayo ni ya kale. Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alichukuliwa nyumbani kwao Homa Bay, akasafirishwa zaidi ya kilomita 300 hadi Nairobi, akapita vituo na mahakama zisizo na idadi njiani, kwa sababu ya machapisho kwenye X kuhusu Naibu Inspekta Jenerali. Aliingizwa kituo cha Central usiku, na kabla ya kupambazuka alikuwa amekufa. Kwanza tuliambiwa alijigonga kichwa ukutani. Madaktari wakapasua, wakakuta majeraha ya kichwa, shingo iliyokabwa na mwili uliopigwa. Inspekta Jenerali akaenda mbele ya Seneti akaomba radhi kwa taarifa ile ya kwanza. Nani yuko kizimbani? Mkuu wa kituo, maafisa wa chini, na watu waliokuwa mahabusu humo humo. Wamekana mashtaka ya mauaji, na hukumu ni ya mahakama, si yangu. Mlalamishi, yaani Naibu Inspekta Jenerali, alikaa kando kwa majuma kadhaa, akarudi ofisini. Hajashtakiwa kwa lolote nami simhukumu. Ninawaonyesha tu mahali ambapo kamba hukatikia.

Nililia siku ile. Mke wangu alidhani nimefiwa.

Lakini msinisikie vibaya. Sisemi mtandao uachwe kama shamba lisilo na mwenyewe. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, nilikuwa kazini Bonde la Ufa. Ujumbe wa simu ulikuwa unazunguka ukiwaita majirani wa makabila mengine madoadoa, ukisema wa nani waondoke na kabla ya lini. Tuliuona. Baadhi yetu tuliucheka, wengine tuliusambaza, Mungu atusamehe. Watu zaidi ya 1,100 wakafa nchi nzima. Ile ndiyo ilikuwa kazi ya polisi, na siku ile, kumbe, gari halikuwa na mafuta. Kwa hiyo mkiletewa chapisho, ulizeni: huyu anamtishia nani, atamfanya nini, watu watadhurika wapi? Kama jibu ni kwamba mkubwa amekasirika, mkubwa apewe maji ya kunywa.

Mengine nayataja harakaharaka kwa kuwa mlifundishwa:

Amri mnayopaswa kutii ni amri halali, na ya maandishi ni bora kuliko ya simu.
Mtu anafikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Ijumaa jioni isiwe siku yenu ya kukamata.
Simu ya mshukiwa haifunguliwi bila kibali cha mahakama.
Andikeni OB kila kitu, pamoja na jina la aliyewatuma. Hasa hilo.
Mateso ni hadi miaka 25 jela, na "nilitumwa" haitawatoa.

Na ninyi raia mnaosoma barua isiyowahusu, msitabasamu. Mwanablogu wa upande wa pili akikamatwa mnashangilia, "Wacha ajifunze." Mwaka uliofuata anakamatwa wa upande wenu, mnalia haki za binadamu. Wanasiasa wanawalipa vijana kutukana mchana, kisha usiku wanaripoti matusi polisi. Mei 2025 msanidi programu Rose Njeri alitiwa ndani kwa kutengeneza tovuti ya kuwasaidia watu kuwatumia wabunge maoni kuhusu Mswada wa Fedha, barua pepe tu jamani, na bado kuna waliosema lazima kuna kitu alikuwa anaficha. Mahakama ilitupa mashtaka hayo ndani ya mwezi mmoja. Waliosema hivyo sijawasikia wakirudi kumwomba radhi. Nchi inayomwona mwenye swali kuwa na hila haiwezi kupata polisi tofauti na hawa ninaowaandikia.

Wanangu, najua mshahara wenu, najua nyumba mnazolala, najua uhamisho wa ghafla kwenda mahali ambapo maji yanaletwa kwa punda. Najua kukataa kuna bei. Mimi sikukataa, kwa hiyo siwezi kuwaambia bei yake ni ndogo. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba risiti ile bado ninayo, imekunjwa ndani ya kitambulisho changu cha kazi, na wino wake haujafifia.

Yule kijana wa bwawa la samaki aliachiliwa baada ya usiku mmoja, bila shtaka. Mheshimiwa alitaka aogopeshwe tu. Barabara bado ina maji.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuja tena na binti wa jirani. Atakuwa na simu yake, nitakuwa na fimbo yangu. Tutakaa kwenye benchi lile lile karibu na mlango, mahali ambapo gari likiwashwa tutalisikia.

Mwenzenu mstaafu.