Majitu ya mzee Gul'dan

Toronto, Kanada

Mdogo wangu mpendwa,

Nifikishie shikamoo kwa Mama na Baba. Ama baada ya salamu, umeniuliza kwa nini sisi wa zamani tukisikia Hearthstone, ule mchezo wa karata wa kwenye kompyuta na simu, kati ya mashujaa wake tunamtaja Gul'dan kwanza, wakati Jaina ndiye mwenye moto na Rexxar ndiye mwepesi wa kumaliza mchezo. Jibu liko kwenye nguvu yake ya mana 2 (mana ndiyo malipo ya kila unachofanya, unaanza na 1 na kila zamu unaongezewa 1): anavuta karata moja, anakatwa damu 2, yaani uhai wake. Garrosh kwa mana hizo hizo anajiongezea ngao 2, Anduin enzi hizo akitibu 2. Wao wanatunza damu, huyu mzee anaitumia kama pesa ya sokoni. Ukianza na 30 ukabaki na 1, bado hujafa.

Bunda lake tulilolipenda kuanzia 2014 liliitwa Handlock, na utamu wake wote ni hesabu. Mountain Giant bei yake ni mana 12, inapungua 1 kwa kila karata nyingine uliyoshika. Ukianza wewe, unapewa karata 3. Zamu ya kwanza unavuta ya 4, unatulia. Ya pili unavuta ya 5, unabonyeza nguvu, zinakuwa 6. Ya tatu vivyo hivyo, 8. Ya nne unavuta ya 9: jitu na wenzake 8. Toa 8 kwenye 12, inabaki 4, na mana 4 unazo. Jitu la 8/8 (nguvu ya kupiga 8, damu 8) linakaa mezani wakati mwenzako bado anahangaika na vijana wa 3/2.

Ukiwa wa pili ndipo wengi huharibu. Unaanza na karata 4 pamoja na Sarafu, ile inayokupa mana 1 ya ziada kwa zamu moja, kwa hiyo ukibonyeza zamu ya pili na ya tatu, mkono unafika 10, na hapo ndipo mwisho. Karata ya zamu ya nne inaungua huku unaiangalia. Wala usidhani Sarafu itakuwahishia jitu: Sarafu nayo ni karata, ukiitoa tu jitu linapanda bei kwa 1. Zamu ya tatu usibonyeze nguvu, tumia Sarafu kumteremsha Twilight Drake wa mana 4. Damu yake ni 1, halafu inaongezeka 1 kwa kila karata iliyobaki mkononi. Hapo zimebaki 7, anatoka 4/8.

Ndugu yake, Molten Giant, naye ni 8/8. Enzi hizo bei yake ilikuwa 20 (mwaka 2016 wakaipandisha hadi 25, tukanuna), na hupungua 1 kwa kila damu iliyokutoka. Ukishuka hadi 10, unayateremsha mawili bure. Kisha unamweka Sunfury Protector wa mana 2 KATIKATI yao, kwa sababu anampa ulinzi aliye kushoto kwake na aliye kulia, na adui lazima awapige hao kwanza. Kwenye simu kidole kikiteleza akaangukia pembeni, amemgusa mmoja tu, na akishakaa hasogei tena. Mchezo umekwenda.

Kosa jingine ni kuwahi dawa. Damu ikirudi, bei nayo inapanda. Antique Healbot anarudisha 8, kwa hiyo majitu kwanza, dawa baadaye. Na mpinzani mjanja hakushushi polepole: anakuacha kwenye 16 au 17, ambapo kila jitu bado ni mana 6 au 7, anakusanya karata zake akumalize kwa mkupuo. Ukiona ameacha kukupiga usoni ghafla, usidhani ni huruma.

Jaina mwenye bunda la barafu hakuwa na haja hata ya kugusa ukuta huo, maana uchawi hupita juu ya walinzi. Zamu ya 9 karata yake Alexstrasza anakuweka damu 15. Zamu ya 10 inakuja Frostbolt ya 3 inayokugandisha, kisha Ice Lance mbili za 4 kila moja, na Fireball ya 6: jumla 17 kwa mana 8. Akianza na Ice Lance kabla hujaganda, inakugandisha tu bila kukutoa damu. Garrosh ndiye aliyemsumbua, kwa kuwa Alexstrasza hagusi ngao.

Lord Jaraxxus sijamsahau. Enzi hizo kwa mana 9 alikaa kwenye kiti cha Gul'dan na damu 15, na kila zamu kwa mana 2 aliita shetani wa 6/6. Ila yeye mwenyewe pia alihesabiwa shetani, hivyo Gul'dan wa upande wa pili akiwa na Sacrificial Pact, karata ya mana 0 ya kuua shetani, bosi mzima alikufa papo hapo. Ni karata ambayo watu hawakuwa wakiibeba, ndiyo maana ilichekesha mara mbili.

Garrosh na wanywaji wake, wale Grim Patron, wanataka barua yao peke yao. Niandikie kwanza ukishateremsha jitu lako zamu ya nne.

Kaka yako