Kengele ya Uglich na hukumu ya mwandishi wenu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Katika makala yenu ya safari kuhusu miji ya kale ya Urusi, mwandishi alipofika Uglich alitumia sentensi moja tu kwa Kanisa la Dmitry Juu ya Damu: kwamba limejengwa mahali ambapo Boris Godunov (aliyekuja kuwa mfalme wa Urusi baadaye) alimuua mtoto wa mfalme. Sentensi fupi, na mtu keshahukumiwa humo bila kesi. Nilisoma Urusi, na Uglich nimefika mara mbili, kwa hiyo nimeshindwa kunyamaza.

Kwanza, Godunov siku hiyo hakuwepo Uglich, alikuwa Moscow. Tarehe 15 Mei 1591, kwa kalenda yao ya zamani, Dmitry, mtoto wa mwisho wa Ivan wa Nne (yule aliyeitwa wa Kutisha), alikuwa uani na wenzake wakicheza kurusha kisu ardhini. Alikuwa na miaka minane. Ghafla akawa chini, na jeraha shingoni. Mama yake, Maria Nagaya, akatoka mbio akilia kwamba mwanawe ameuawa, huku akitaja majina. Padri mmoja mjane aitwaye Fedot, ambaye watu walizoea kumwita Ogurets, yaani Tango, akagonga kengele ya hatari. Mji ukafurika. Mikhail Bityagovsky, karani aliyeletwa kutoka Moscow kuiangalia familia ile, akauawa na umati, yeye na mwanawe na wengine kadhaa.

Tume ya uchunguzi ikaja, ikiongozwa na mwana wa ukoo mkubwa, Vasily Shuisky. Ikasema mtoto alikuwa na kifafa, kikamshika kisu kikiwa mkononi, akajichoma mwenyewe. Maria akalazimishwa kuwa mtawa. Wakazi wengi wa Uglich wakapelekwa uhamishoni Siberia.

Na kengele nayo ikahukumiwa. Hapa ndipo nilipotegemea mwandishi wenu atulie, naye kapita kama basi la usiku. Inasimuliwa kwamba waliiangusha kutoka mnarani, wakaing'oa ulimi, wakaikata sikio (lile la kuning'inizia), wakaichapa viboko mbele ya watu, kisha wakaifukuza hadi Tobolsk, ng'ambo ya milima ya Ural. Ina uzito wa kilo kama 320, sawa na magunia matatu ya mahindi na debe moja juu. Ilikaa uhamishoni karibu miaka 300. Watu wa Uglich wakaomba na kuomba, na mwaka 1892 ikaruhusiwa kurudi nyumbani. Leo imo ndani ya kanisa hilo hilo. Mara ya kwanza nilipoiona nilidhani nimekosea kengele, maana kwa habari zake nilitarajia jitu.

Turudi kwa Shuisky, maana bila yeye kanisa hili halieleweki. Mwaka 1591 alisema ajali. Mwaka 1605 akaingia Moscow kijana aliyejidai kuwa ndiye Dmitry, kwamba hakufa, na Shuisky akakubali kuwa ni yeye. Hata Maria, sasa mtawa, akamkumbatia kijana yule kama mwanawe. Mwaka uliofuata kijana akauawa, Shuisky akakalia kiti cha ufalme, na sasa akasema Dmitry alichinjwa kwa amri ya Godunov. Mwili ukafukuliwa Uglich, ukapelekwa katika Kanisa Kuu la Malaika Mkuu, Kremlin ya Moscow, na mtoto akatangazwa mtakatifu. Godunov wakati huo alikuwa kaburini mwaka mzima. Mtu mmoja, kauli tatu, na kila kauli ilimfaa kwa siku yake.

Kanisa limesimama juu ya kauli ya tatu. Jengo la mawe lililopo sasa ni la mwaka 1692, kando kabisa ya mto Volga: kuba za buluu zenye nyota za dhahabu, kuta nyekundu zenye urembo mweupe. Wekundu ule kwetu tungeuita damu ya mzee, ingawa iliyomwagika pale ilikuwa ya mtoto. Ukumbini, kwenye ukuta wa magharibi, kuna picha za mwaka 1772 zinazoonyesha mauaji, kengele ikigongwa, na umati ukiwashughulikia waliodhaniwa wauaji. Mchoraji hakuacha nafasi ya kifafa. Hilo simlaumu, alikuwa anapamba kanisa la mtakatifu. Mwandishi wa gazeti ana kazi nyingine.

Wala sisemi Godunov alikuwa malaika. Mfalme wa wakati ule, Fyodor, kaka yake Dmitry kwa baba, alikuwa shemeji ya Godunov na hakuwa na mtoto wa kiume. Fyodor alipofariki mwaka 1598, Godunov ndiye aliyechukua ufalme. Mwenye kutaka kumshuku ana pa kuanzia. Lakini kushuku ni kitu kimoja, kuandika "alimuua" ni kingine.

Maelezo ya picha nayo yana kasoro. Mmeandika kuwa hiyo ndiyo kengele yenyewe ya 1591. Wapo wanahistoria wanaosema ile ya awali iliyeyuka katika moto mkubwa wa Tobolsk mwaka 1677, na hii ni iliyosubuliwa baadaye. Wenyeji hawapendi kusikia hivyo. Nilimuuliza mama mmoja mlinzi wa kanisa, akanitazama kama niliyeuliza umri wake, kisha akaendelea kufuta kioo.

Naomba masahihisho yatoke kwenye ukurasa ule ule wa safari, si chini ya matangazo ya minada.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Morogoro